Nani Aliyeyaficha Maradhi?

Siku tuliyomzika mama yangu, mwezi wa Juni mwaka 1994, mzee mmoja wa kijijini kwetu alisimama baada ya dua akatoa nasaha fupi. Alisema kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, mpole, asiyependa kumsumbua mtu. Kisha akatikisa kichwa na kumalizia kwa methali ambayo kila Mswahili anaijua: mficha maradhi kilio humfichua. Watu wakaguna kwa kukubali. Nami niliguna pamoja nao, maana wakati ule niliona amesema kweli tupu. Mama aliyaficha maradhi yake, na sisi tulikuwa tumesimama kando ya udongo mbichi.

Sasa imepita zaidi ya miaka 30, na methali ile haijaacha kunirudia. Kila inaponirudia naiona imepungukiwa na kitu. Si kwamba ni ya uongo. Wahenga wetu hawakuwa watu wa kusema ovyo. Ila siku ile ilimtaja mfichaji mmoja tu, naye alikuwa amekwisha kufukiwa, hawezi kujitetea. Basi katika kurasa hizi nataka niulize mambo mawili. Je, mtu ana wajibu wa kujua kama ana maradhi ndani ya mwili wake? Na kama wajibu huo upo, je, ni wake peke yake? Mimi si daktari. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 37, na ninayoyasema nimeyapata kwa kusoma, kwa kuuliza, na kwa kukosea.

Nianze na habari za mama. Alikuwa na miaka kama 58, mkulima wa machungwa na mihogo huko Muheza. Siku zake za hedhi zilikuwa zimekoma miaka mingi nyuma. Mwaka 1992, damu ikarudi. Ilikuja kidogo kidogo, ikaenda, ikarudi tena. Wanawake wenzake aliowadokeza walimwambia kwamba hilo ni chango, wakamchemshia mizizi. Alikwenda zahanati mara mbili. Mara zote mbili alieleza kwamba kiuno kinamuuma, na mara zote mbili alirudi na vidonge vya malaria na vya kutuliza maumivu. Habari ya damu hakuitaja, kwa kuwa aliyekaa mbele yake alikuwa kijana wa rika la wanawe. Naye kijana hakuuliza.

Mimi wakati huo nilikuwa nafundisha Korogwe, na nilikuja nyumbani wakati wa likizo. Nilimkuta amekonda, na kanga imemlegea. Nikamwuliza, "Mama, unaumwa?" Akanijibu, "Uzee tu, baba." Nikaridhika. Namwomba msomaji alitazame neno hilo, maana mimi nimelitazama kwa miaka mingi. Mtoto aliyesoma, anayefundisha watoto wa wenzake somo la sayansi, anamwona mama yake amebaki mifupa, anaambiwa "uzee tu," naye anaridhika. Kwa kweli sikuridhika. Nilishukuru kwamba sikuambiwa zaidi.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyeziona nguo zilizoanikwa nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtu hapiti. Tulimpeleka Dar es Salaam, katika hospitali ya Ocean Road, lile jengo la kando ya bahari lililojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ambako ndiko peke yake nchini wakati ule mtu aliweza kupata tiba ya mionzi. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba ni saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba imekwisha kupanda hadi kwenye kibofu. Mionzi ingepunguza damu na maumivu, lakini isingemponya. Tukatoka nje, tukakaa chini ya mti, sisi watoto pamoja na mjomba, tukafanya shauri. Shauri likawa moja: mama asiambiwe. Tukamwambia kwamba ana kidonda tumboni, kimechomwa, na kitapona. Akaitikia, "Alhamdulillahi."

Wiki chache kabla ya kufa alimwambia dada yangu, "Mwambie mdogo wako aache kunidanganya, anachoka bure. Mimi nilijua kabla yenu."

Sasa tuhesabu. Mama alituficha sisi. Sisi tulimficha mama. Wanawake wenzake walilificha jambo ndani ya neno chango, wala si kwa ubaya, maana ndilo neno walilokuwa nalo. Kijana wa zahanati alilificha kwa kutouliza. Nami nililificha kwa kuuliza mara moja tu. Je, yule mficha maradhi wa kwenye methali ni yupi kati yetu?

Hapo itafaa nieleze kidogo namna maradhi haya yanavyokwenda, kwa sababu hukumu juu ya wajibu hutegemea sana jambo lenyewe lilivyo. Saratani nyingi hazitoi taarifa, na nyingine hata wataalamu hawawezi kueleza kwa nini zimempata huyu zikamwacha yule. Saratani ya mlango wa kizazi ni tofauti. Karibu yote husababishwa na kirusi kiitwacho papiloma, ambacho wauguzi wetu hukitaja kwa herufi zake tatu, HPV. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyeonyesha jambo hilo katika miaka ya 1980, naye alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2008. Kirusi hiki huambukizwa kwa kujamiiana, na watu wengi walio katika maisha ya ndoa hukipata wakati fulani bila kujua. Kwa walio wengi mwili hukifukuza wenyewe. Kwa wachache hubaki, na nyama ya mlango wa kizazi huanza kubadilika polepole. Mabadiliko hayo huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 kabla ya kuwa saratani. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, kwa mfano anayeishi na virusi vya UKIMWI bila dawa, yaweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Hii ina maana gani? Ina maana kwamba ugonjwa uliomuua mama yangu ulibisha hodi kwa miaka mingi, na hata damu ile ya mwaka 1992 haikuwa mwanzo bali ilikuwa karibu na mwisho. Dawa ya kuusikia ubishaji huo ilikuwapo duniani. Daktari George Papanicolaou, mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi Marekani, alichapisha pamoja na mwenzake kitabu kuhusu kipimo chake mwaka 1943, wakati mama yangu akiwa mtoto mdogo. Lakini kipimo hicho kilitaka maabara, darubini na mtaalamu wa kusoma, na kwetu havikuwapo hivyo vyote.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hili. Wajibu hauwezi kumfuata mtu mahali ambapo uwezo haujafika. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutofungua mlango ambao haujajengwa. Mama alikuwa na wajibu wa kusema juu ya ile damu, nakubali, na labda angeisema mapema angeishi. Lakini wajibu wa kujua kabla ya damu hakuwa nao, wala hakuwa nao mwanamke yeyote wa kijiji kile. Mzee wetu alimtwika marehemu mzigo wa nchi nzima.

Walakini mambo yamebadilika. Siku hizi muuguzi aliyefunzwa anaweza kupaka kwenye mlango wa kizazi asidi ile ile iliyomo katika siki, akasubiri kama dakika moja, kisha akatazama kwa macho yake. Nyama iliyoanza kubadilika hugeuka kuwa nyeupe. Palipogeuka huweza kutibiwa mara nyingi siku hiyo hiyo, kwa baridi kali au kwa joto, na mama akarudi nyumbani kwa miguu yake. Kipo pia kipimo cha kukitafuta kirusi chenyewe, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe pasipo kuonwa na mtu. Basi mlango umejengwa. Je, sasa tunaweza kusema kwamba asiyeingia ana makosa?

Nilidhani ninalo jibu mpaka mwaka 2013. Mwaka huo nilikuwa mwalimu mkuu, na wauguzi walikuja katika kituo cha afya cha jirani kwa siku tatu kuwapima akina mama. Waliniletea tangazo, nami nililisoma mbele ya mkutano wa wazazi kwa sauti ya kiualimu, nikasisitiza kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Jioni, mke wangu, ambaye alikuwa na miaka 49, aliniambia kwamba angependa kwenda. Nikamjibu, "Wewe unaumwa nini? Usimwamshe aliyelala, utalala wewe." Akasema, "Haya, Mwalimu," akaendelea kuchambua mchele.

Mwaka uliofuata nilikuwa natafuta stakabadhi ndani ya kabati, ikaanguka kadi ndogo yenye jina lake na tarehe ya kurudi kuangaliwa tena. Nikamwuliza. Akaketi, akanieleza yote. Alikwenda siku ya tatu, nami nikiamini yuko gulioni. Walimkuta na doa jeupe, wakamtibu pale pale kwa baridi. Wakamwambia asilale na mumewe kwa wiki nne. Nikakumbuka kwamba ni kweli, kwa wiki nne alilala chumba cha pili pamoja na mjukuu wetu, akisema mtoto ana kikohozi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

Akasema, "Ningekwambia ungenikataza. Na ungenikataza, ningetii."

Sikuwa na la kujibu, na hata leo sina. Ila nimelifikiria sana. Mama yangu aliyaficha maradhi akafa. Mke wangu aliificha tiba akapona. Wote wawili walificha kwa sababu moja, kwamba mbele yao palikuwa na mtu ambaye haikuwezekana kumwambia. Na mtu huyo, mara zote mbili, nilikuwa mimi.

Wako watu wenye busara wanaosema kwamba kila mtu ana haki ya kutojua. Wanasema kwamba mwili ni wa mwenyewe, na mtu mzima akichagua amani ya leo badala ya hofu ya kesho, ni shauri lake. Siidharau hoja hii. Nimewaona watu waliopewa majibu ya kipimo wakaacha kula kabla ugonjwa haujawadhuru. Aidha si kila kipimo kinamfaa kila mtu, maana vipo vinavyoleta hofu nyingi na faida kidogo. Mtu akielezwa vizuri, akaelewa, kisha akasema "hapana, ahsante," nami nitanyamaza, ingawa nitasikitika.

Lakini haki ya kutojua ni haki pale tu ambapo njia ya kujua iko wazi. Mwanamke ambaye hana nauli, ambaye mumewe amemtishia kwa methali, ambaye akienda atakutana na kijana wa rika la mwanawe, au ambaye anaogopa kwamba majibu yatasomwa kama ushahidi wa umalaya, huyo hakuchagua kutojua. Amechaguliwa. Sisi tunaufunga mlango, kisha tunasema mwenyewe hakutaka kuingia.

Hilo la umalaya lahitaji neno zaidi, maana limevunja nyumba za watu. Kwa kuwa kirusi huambukizwa kwa kujamiiana, wapo waume wanaosikia habari ya doa jeupe wakaanza kuuliza, "Ulikipata wapi?" Kwanza, kirusi hiki chaweza kukaa kimya mwilini kwa miaka mingi, hata hakuna awezaye kusema kiliingia lini wala kwa nani. Pili, mwanamume hukibeba pia, na mara nyingi haoni dalili yoyote. Maana yake, yule anayesema kwamba haya ni mambo ya wanawake, yayumkini ndiye aliyekileta nyumbani. Simlaumu, maana hakujua. Lakini basi asimlaumu mwenzake. Haya yetu, ambayo ni pambo zuri la watu wa pwani, tumeifanya kuwa mzigo wa upande mmoja. Mwanamke anaambiwa aone haya mpaka ya kuokoa maisha yake, na mwanamume haoni haya ya kumzuia.

Tena nataka kuonya juu ya kosa jingine, lililo kinyume cha hilo la kwanza. Siku hizi tunahubiriwa kinga kila mahali, na ni vizuri. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zinaweza kuzuiwa, na mengi ya kufanya tunayajua: kuacha tumbaku, kupunguza pombe, kupata chanjo ya homa ya ini, kupima mapema. Lakini hesabu hiyo hiyo inasema kwamba angalau nusu haizuiliki kwa tunayoyajua leo. Yupo asiyewahi kushika sigara akaugua mapafu, na yupo mvutaji anayecheza bao akiwa na miaka 85. Kwa hiyo tukimwona mgonjwa, tusianze kumpekua tupate kosa lake. Wajibu wa kujikinga unatazama mbele, na faida yake ni kwa siku zijazo. Ukigeuzwa ukatazama nyuma, unakuwa fimbo ya kumpigia aliyekwisha kuanguka. Huko kijijini methali ilitumika kutazama nyuma.

Mwaka 2018, mwezi wa Aprili, nchi yetu ilianza kutoa chanjo ya kirusi hicho kwa wasichana wa miaka 14. Rwanda walikuwa wametutangulia mwaka 2011. Yule mjukuu wetu wa kikohozi cha uongo alikuwa na miaka hiyo hiyo. Ukazuka uvumi kwamba chanjo ingewafanya wasichana wawe tasa, na mama yake akaja kwangu ana wasiwasi. Nilimweleza niliyoyajua: kwamba sindano inafanya kazi vizuri zaidi kabla binti hajakutana na kirusi, na ndiyo maana inatolewa mapema, si kwa kuwa tunawadhania mabaya watoto wetu. Nilimwambia pia kwamba haiondoi haja ya kupimwa atakapokuwa mkubwa. Akasema, "Baba, mbona hukuyasema haya zamani?" Mjukuu alichanjwa. Nilimsindikiza bibi yake kwenda kumchukua shuleni, na njiani hatukusema lolote juu ya gulio.

Ningependa kumalizia hapo, nikiwa mtu aliyejifunza. Lakini nimeahidi kusema kweli. Miaka miwili iliyopita nilianza kuamka usiku mara nne au tano kwenda haja ndogo, na mkojo ukawa unatoka kwa kusuasua. Mke wangu aliona. Usiku mmoja akaniuliza gizani, "Mwalimu, unaumwa?" Nikamjibu, "Uzee tu."

Nililisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu, nikalitambua. Nilikaa kitandani kwa muda mrefu. Yote niliyokwisha kuyaandika juu ya haya na mlango yalikuwa kweli, na bado mimi, mwanamume mwenye nauli, asiyekatazwa na mtu, sikutaka kwenda, kwa sababu nilisikia kwamba daktari huchunguza tezi dume kwa kidole. Hapo ndipo nilipomwelewa mama vizuri zaidi kuliko siku zote. Hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa anaogopa, na hakuwa na mtu wa kumwuliza mara ya pili.

Mimi nilikuwa naye. Mke wangu akasema, "Kesho tunakwenda wote." Tulikwenda. Nilichukuliwa damu, nikachunguzwa, na kidole chenyewe hakikuchukua hata dakika moja. Ilionekana kwamba tezi imekua kwa umri tu, si saratani, nikapewa vidonge. Daktari akanieleza kwamba saratani ya tezi dume mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote, na kwamba kipimo cha damu nacho kina mapungufu yake, kwa hiyo kila mwanamume azungumze na mganga wake kabla ya kuamua. Majibu yangekuwa mengine, ningekuwa na habari nyingine ya kueleza, lakini hoja yangu ingebaki pale pale.

Hoja yenyewe ni hii. Wajibu wa kujua upo, lakini una sehemu mbili. Sehemu moja ni ya mwenye mwili, kwamba akiulizwa aseme. Sehemu ya pili ni yetu wengine, kwamba tuulize, na tukijibiwa "uzee tu" tusiridhike, na tukiambiwa tusigeuke kuwa mahakimu. Kama ningepewa nafasi ya kusimama tena pale makaburini, nisingembishia mzee wetu mbele za watu. Ningesubiri watu watawanyike, kisha ningemwambia: Babu, ulisema kweli, lakini tulioficha tulikuwa wengi, na mimi ni mmojawapo.